Kuonja Mvinyo Mwekundu wa Italia

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, Musoma)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze, iliniachia uhuru wa kuchagua mada. Nilipojibu kwamba nitazungumza juu ya mvinyo mwekundu wa Italia, wajumbe wawili walipinga. Mmoja alisema mkoa wetu una ulevi wa kutosha na hauhitaji mwalimu wa kuuongeza. Wa pili aliuliza mtumishi wa serikali, anayelipwa mshahara wa serikali, ameyajulia wapi mambo ya mvinyo wa Ulaya. Hoja zote mbili ni za haki. Nitaanza na ile ya pili, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalotuingiza katika habari yenyewe.

Mwaka 2014 nilipelekwa Torino, kaskazini mwa Italia, katika kituo cha mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani kilichoko ukingoni mwa mto Po. Nilikwenda kusoma taratibu za ununuzi wa umma, wala si mambo ya chupa. Lakini Jumamosi hapakuwa na darasa, na mkufunzi mmoja alituchukua watu wanne ndani ya gari lake dogo mpaka vilima vya Langhe, mwendo usiotofautiana sana na wa hapa hadi Bunda. Huko kuna kijiji kiitwacho Barolo. Mvinyo unaotoka katika kijiji hicho na vichache jirani hubeba jina hilohilo, na watu wa New York na Tokyo hulipa fedha nyingi kuupata.

Mzee aliyetupokea hakuanza na mvinyo. Alituonyesha kwanza jembe la baba yake. Alituambia kwamba zamani vilima vile vilikuwa vya watu maskini. Siku ya mavuno wakulima walipakia zabibu katika mikokoteni wakaenda mjini Alba, wakapanga foleni uwanjani. Wafanyabiashara walipita wakitazama, wakataja bei. Mkulima angeweza kukataa asubuhi, lakini jioni zabibu zimeanza kuvuja maji na nyuki wamejaa, naye alipokea chochote alichopewa. Ndugu zake wawili waliacha shamba wakaenda kuunda magari katika kiwanda cha Fiat. Yeye alibaki. Na katika mwaka uleule wa 2014 UNESCO iliyaingiza mashamba ya mizabibu ya vilima hivyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ambayo Serengeti yetu imo tangu mwaka 1981.

Ndugu zangu, baba yangu alilima pamba Bunda. Kwa hiyo niliposikia habari ya mikokoteni ya Alba sikuhitaji mkalimani. Ninyi mliokulia huko mnaijua mizani ya pamba. Gunia likishuka kwenye mizani, jina la aliyelilima linafutika palepale. Kinachobaki ni kilo na daraja. Mwalimu, aliyerudi kulima Butiama baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, miaka mingi aliueleza ulimwengu kwamba mkulima wa nchi maskini huambiwa bei anapouza na huambiwa bei anaponunua. Wale watu wa Langhe waliambiwa bei kizazi baada ya kizazi. Walijikomboaje? Sababu ni nyingi, na siwezi kuzimaliza leo, lakini moja ni hii: walijifunza kuonja kazi yao wenyewe kwa makini kuliko mnunuzi alivyoweza kuionja. Walijua kilima kipi hutoa nini, wakaacha kuuza zabibu, wakauza jina.

Hilo ndilo lililonifanya niendelee kujifunza. Sasa naja kwenye hoja ya mjumbe wa kwanza.

Katika picha yetu ya kidato cha nne wamo wenzetu watatu ambao pombe imewaondoa. Sitawataja, maana wake zao na watoto wao wanasoma gazeti hili. Mmoja wao alikuwa fundi wa hesabu kuliko sisi sote, na mimi niliandika mazoezi yangu nikitazama daftari lake. Hakufa kwa mvinyo wa Italia. Alikufa kwa gongo, na kabla ya gongo alianza na viroba, vile vipakiti vya plastiki ambavyo serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, akiwa amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo nikisema habari ya kuonja nasema nikijua nani hayupo.

Na nisiwafiche. Chupa moja ya mvinyo ina mililita 750. Ukali wake ukiwa asilimia 14, ndani yake mna mililita 105 za kileo kitupu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yaani chupa moja ya mvinyo ni bia nne na zaidi, hata kama imevaa lebo yenye picha ya ngome. Zamani ilienezwa sana habari kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya, kwa sababu pombe huleta saratani. Basi mtu akikuambia ni dawa, mwulize anauza chupa ngapi kwa mwezi.

Ndugu zetu Wasabato, ndugu zetu Wamenoniti ambao wamisionari wao walifika Shirati mwaka 1934, na ndugu zetu Waislamu, hawanywi, na mimi sitambembeleza mtu. Lakini kuonja ni elimu, na elimu hii haihitaji kumeza. Wanaoonja kwa kazi hutema. Ndiyo, hutema ndani ya ndoo, mbele ya watu, bila aibu, kwa maana anayeonja mvinyo wa aina arobaini asubuhi moja akimeza zote hatajua alichoonja katika ule wa kumi. Vilevile wale waonjaji wa kahawa wa Moshi, ambao ulimi wao ndio unaoipa daraja kahawa ya Tarime kabla haijapigwa mnada, huvuta kijiko kwa kishindo na kutema siku nzima. Mkulima wa Tarime hamjui mtu huyo, lakini ada ya shule ya mwanawe imepita kwenye ulimi wake.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya maneno. Wengi wetu tulikutana kwanza na divai kanisani. Mimi nilikuwa mtumishi wa altare, na harufu ya kabati la sakristia ninayo puani mpaka leo. Divai ya misa, kwa sheria ya Kanisa, lazima iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. "Divai" tumeipata kwa Wafaransa, "mvinyo" tumeupata kwa Wareno, na mitaani watu husema "waini" tu. Kuna wanaoita mvinyo pombe yoyote kali. Leo nikisema mvinyo nina maana ya maji ya zabibu yaliyochachuka, basi, bila kitu kingine.

Sasa tuonje. Miminia bilauri yako robo yake au theluthi, usiijaze. Nafasi iliyobaki ni ya harufu. Inamishe juu ya karatasi nyeupe uitazame rangi. Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga huelekea zambarau, na ukizeeka pembezoni hugeuka rangi ya tofali. Halafu izungushe bilauri taratibu, mvinyo upande kutani na kushuka, kisha tia pua ndani. Hapa ndipo watu wetu wengi hukata tamaa, na ningependa tukae hapa kidogo.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia utasikia harufu ya cheri, ya beri za vichakani, ya ua la violeti. Mtu wa Musoma ananusa, hasikii cheri, kwa sababu hajapata kuona cheri maishani mwake, akaweka bilauri chini akisema mambo haya si yetu. Lakini pua yake haina kasoro. Ni orodha tu iliyoandikwa na mtu wa mahali pengine. Yule Mwitalia anaandika cheri kwa sababu mcheri uko nyuma ya nyumba ya mama yake. Nyuma ya nyumba ya mama yangu palikuwa na mzambarau. Tangu nilipoanza kuandika kwa maneno yangu, nimekuta katika mvinyo wa Italia zambarau iliyoiva mpaka ikapasuka, ukwaju, karafuu, majani ya chai, ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani, moshi wa kuni uliolala ndani ya nyumba ya nyasi, na ile harufu ya ardhi inapopigwa na mvua ya kwanza. Barolo yenyewe husifiwa na wataalamu kwa harufu mbili ambazo hungedhani zinakaa pamoja: waridi na lami. Nilipoambiwa lami nilicheka. Nilipotia pua nikakumbuka barabara ya Mwanza saa nane mchana, pale Bunda, jua linapoilainisha mpaka ndala zinanata.

Mdomoni, usimeze upesi. Acha mvinyo uzunguke ulimi na ufizi. Utasikia uchachu pembeni mwa ulimi; huo ndio unaoleta mate, na mvinyo usio na uchachu ni kama mchuzi usio na ndimu. Kisha utasikia kitu ambacho Waingereza wameandika kurasa nyingi kukieleza, nasi tuna neno moja la tangu utotoni: ukakasi. Ni uleule wa ndizi mbichi, au wa chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, katika kitu kiitwacho tanini, ambacho hushikana na mate na kuufanya ulimi ukauke. Mvinyo mweupe hauna ukakasi wa kutajika kwa kuwa hukamuliwa na kutengwa na maganda mapema. Mwekundu hukaa na maganda yake siku nyingi, na kutoka huko hupata rangi na ukakasi pamoja.

Ukakasi si kasoro. Katika mvinyo mwema ni kama mti wa kati wa nyumba. Mchanga hukwaruza, miaka ikipita hulainika, na ndiyo sababu Waitalia wanaungoja. Na nyama yenye mafuta huulainisha mara moja. Jaribuni wenyewe: onja kwanza peke yake, kisha kula kipande cha mbavu za mbuzi, onja tena. Utadhani wamekubadilishia bilauri. Lakini msijaribu jambo hili na sato wala sangara. Mvinyo wenye ukakasi mwingi na samaki havipatani. Huacha mdomoni ladha kama ya msumari. Sisi watu wa ziwa tutafute mwekundu mwepesi, kwa mfano Valpolicella ya kawaida, tena iliyopozwa kidogo.

Mwisho, ukishameza au kutema, hesabu kimoyomoyo. Ladha imekaa muda gani? Mvinyo wa hovyo hukimbia kama mdeni. Ulio mwema hukaa, na hubadilika ukiwa umekwisha kuondoka.

Sasa niwataje wakubwa wa Italia, nao ni wengi kuliko muda niliopewa. Barolo nimekwisha kuitaja. Hutokana na zabibu moja tu, Nebbiolo, inayochelewa kuiva mpaka ukungu wa Oktoba unapofunika vilima, na wengi husema jina lake limetokana na neno lao la ukungu. Kwa sheria mvinyo huo haupati jina la Barolo mpaka umetunzwa miezi 38, na 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mti. Rangi yake ni nyepesi. Mgeni hudhani ni dhaifu, mpaka ukakasi wake umkamate.

Kusini yake, katika Toscana, kati ya Firenze na Siena, iko Chianti Classico, yenye alama ya jogoo mweusi shingoni mwa chupa. Zabibu yake ni Sangiovese, isiyopungua asilimia 80. Mipaka ya Chianti ilitangazwa na mtawala wa Toscana, Cosimo wa Tatu, mwaka 1716. Huu nawapendekezea wanaoanza, kwa kuwa uchachu wake ni safi, harufu yake inasomeka, na bei yake haimwumizi mtu mno. Zabibu hiyohiyo ikipandwa Montalcino huitwa Brunello, nao huruhusiwa kuuzwa baada ya mwaka wa tano tu kuanza tangu mavuno. Nimewahi kuuonja mara moja. Nasema tu kwamba niliwanyamazia watu mezani.

Amarone ya karibu na Verona watu wa Musoma wataielewa kuliko watu wa Dodoma, kwa sababu inaanza kama dagaa. Zabibu zikivunwa hazikamuliwi. Huanikwa kwenye chanja, ndani ya ghala lenye upepo, miezi mitatu au minne, mpaka zimepoteza kama theluthi ya uzito wake. Maji yanakwenda, sukari inabaki. Kisha huchachushwa taratibu mpaka sukari karibu yote imegeuka kileo. Matokeo ni mvinyo mzito wenye asilimia 15 au zaidi. Bilauri moja yatosha kwa watu wawili na kipande cha jibini.

Nawaomba msidhani kwamba Italia yote ni ngome na heshima. Mwaka 1986 wafanyabiashara wakorofi walichanganya mvinyo wa bei ya chini na methanoli ili kuuongezea ukali. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine walipofuka. Ni sumu ileile inayoua watu katika gongo, na kwa njia ileile: mtu mwenye tamaa, na mnywaji asiyejua anachokunywa. Nchi nyingi zilifunga milango kwa mvinyo wa Kiitalia mwaka ule. Sheria ya kulinda majina ya mahali walikuwa nayo tangu 1963, lakini baada ya vifo vile ukaguzi ulikazwa, na wakulima wengi waliamua kuuza kidogo kilicho chema kuliko kingi kisichojulikana. Ndiyo maana ukishika chupa ya Barolo au Chianti Classico leo utaona utepe wa serikali wenye namba juu ya kizibo. Kuusoma utepe huo ni sehemu ya kuonja.

Wengine wenu mnajiuliza, haya yote yanatuhusu nini? Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, kutimiza uamuzi wa mwaka 1973, nami nikahama na mafaili yangu. Nimekuta huko mizabibu. Inaelezwa kwamba mapadre wa Kiitalia waliipanda misheni ya Bihawana mwaka 1957, kwa ajili ya divai ya misa. Ardhi ya Ugogo, kavu, yenye mchanga, mita kama 1,100 juu ya bahari, iliipokea. Italia mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huukata matawi, nao unaanza upya, kwa hiyo huvuna mara mbili, kuelekea Machi na tena kuelekea Agosti na Septemba. Kuna zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti. Na kule Hombolo, katika kiwanda kilichoanzishwa kwa mkono wa Waitalia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimepandwa hata zabibu za kwao: Teroldego, Marzemino na Aglianico.

Basi mnaweza kudhani kwamba mkulima wa Dodoma amekwisha kufika alipofika yule mzee wa Barolo. Hapana. Yuko bado uwanjani Alba na mkokoteni wake. Jirani yangu mmoja, mwenye ekari mbili, aliahidiwa na mnunuzi kwamba zabibu zake zitachukuliwa siku fulani. Mnunuzi hakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilikwenda shambani jioni nikakuta zimeanza kunuka siki chini ya miti, na mama mwenye shamba anazikusanya kwa ndoo ili auze barabarani kwa bei ya chochote. Mezani mjini, kilomita chache kutoka hapo, wakubwa wenzangu walikuwa wanaagiza mvinyo wa nje ya nchi, kwa sababu lebo ilikuwa ya Kizungu. Hawakuuonja wa kwetu wakaukataa. Laiti wangeuonja wakaukataa, mkulima angejua cha kurekebisha. Walikataa jina kabla ya kunusa.

Nami naona cha kurekebisha kipo. Mvinyo mwingi mwekundu wa Dodoma hutengenezwa mtamu mno, na utamu ni kama rangi ya mdomo, unaficha. Mkavu, yaani usiobakiwa na sukari, ndio unaoonyesha zabibu ilikotoka. Nimeonja Makutupora mkavu wenye zambarau na moshi na uchachu wa kutosha ambao ningeuweka karibu na Chianti ya kawaida bila kuona haya. Nimeonja pia mwingine wa mwaka uliofuata, jina lilelile, uliokuwa umechoka kama maji ya kuoshea bilauri. Mnywaji anayejua tofauti hiyo na kuisema kwa sauti ndiye anayemsaidia yule mama mwenye ndoo. Mnywaji anayetaka kulewa upesi hamsaidii, na wala hajisaidii.

Wazee wetu walijua jambo hili. Walipokaa kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi na mirija yao mirefu, mwenyeji alitangulia kunywa, wageni wakimtazama. Alikuwa anathibitisha kwamba haina sumu, na pia kwamba haikumwaibisha mkewe aliyeipika. Katika mkahawa wa Kiitalia mhudumu humiminia kidogo kwanza aliyeagiza, akangoja. Watu wetu hudhani ni maringo, wakaona aibu, wakaitikia haraka haraka. Msione aibu. Nusa. Kama kizibo kimeoza utasikia harufu ya gazeti lililoloa maji au stoo yenye ukungu, na una haki ya kuirudisha chupa.

Machache ya kutumia nyumbani, kisha nimalize. Chupa iliyosimama dirishani mwa duka, jua la Musoma likiipiga miezi sita, msiinunue hata ikipunguzwa bei, imekwisha kupikwa. Chupa yenye kizibo cha mti ilazwe ubavu, gizani. Wanaosema mwekundu unywewe bila kupozwa walikuwa na maana ya chumba cha Ulaya wakati wa baridi, nyuzi 16 mpaka 18, si sebule ya hapa saa tisa. Dakika 20 ndani ya friji zinatosha, au chupa izamishwe katika maji ya mtungi, njia ambayo mimi naipenda zaidi.

Barolo sikuileta. Chupa moja inakaribia bei ya mbuzi mnadani, na mke wangu alichagua mbuzi, ambaye mtamwona mezani. Nimeleta chupa nne: mbili za Italia, Chianti Classico na Aglianico, na mbili za Dodoma, zote kavu. Zimefungwa gazeti na kuandikwa namba, hata Mwenyekiti hajui ipi ni ipi. Zilifunguliwa saa moja iliyopita ili zipate hewa. Kila mmoja atapata vidole viwili, si zaidi, pamoja na karatasi. Andikeni mnachokisikia kwa Kiswahili, Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo, lugha yoyote. Atakayeandika cheri atatakiwa aeleze aliila wapi. Karatasi zote nitazichukua mpaka Dodoma, kwa kuwa nimemwahidi mtengenezaji mmoja kwamba nitamletea maoni ya watu ambao hawakuogopa kumwambia.

Vijana wa nyuma, mliovaa sare, hamtapata tone. Ninyi mna meza yenu pale mlangoni, kwa kibali cha Mwalimu Mkuu. Kuna juisi ya zabibu, na kuna vikombe kumi vilivyofunikwa kitambaa: karafuu, ukwaju, ngozi, majani ya chai, udongo mbichi na vingine. Mnanusa bila kufunua, mnaandika. Atakayepata vyote kumi nitamnunulia kamusi, na nitataka kujua jina lake.

Ndoo ya kutemea iko mkono wa kushoto. Wanaoendesha magari kurudi Bunda na Butiama usiku huu watatema zote nne, na Katibu amekubali kusimama karibu na ndoo.